Mahari ya Mapokezi

Jumanne, 10 Desemba 2024

Dada Magreth kanipa namba ya Mama Cleopa, mwenye gesti kule Mikumi. Anatafuta mtu wa mapokezi, mwenye mwandiko mzuri na lugha mbili. Kuongea na wageni naogopa, nakiri. Ila kuandika — nani wa kunigusa Kilosa hii? Barua ya mapenzi ya Kasian nilimrudishia imesahihishwa kwa kalamu nyekundu. (Hajanisemesha tangu kidato cha tatu.)

Kazi hii nikiikosa, Baba kasema naenda kulima mpunga kwa Shangazi, kijiji cha Ulaya, mpaka matokeo ya kidato cha nne yatoke.

Jumatano, 11 Desemba

Nimetuma meseji. Niliisoma mara nne kwanza! "Shikamoo mama. Mimi ni Anitha, mdogo wake Magreth. Nipo tayari kuja kesho kwa ajili ya kazi. Naomba unitumie mahari."

Mahari. Nilitaka mahali! Kwetu R na L zinaazimana viti kwenye kuongea, lakini kwenye maandishi sijawahi kukamatwa.

Jibu likaja: "Marahaba. Mahari hutumwa na upande wa mume. Mimi natafuta mtu wa mapokezi. Njoo saa nne, ukivuka mizani ya malori, geti la kijani."

Magreth kasoma, kacheka mpaka kakaa chini. Kaenda kumwambia Baba kwamba binti yake kaanza kudai mwenyewe. Baba, uso mkavu, kauliza wametaja ng'ombe wangapi.

Sikula.

Alhamisi, 12 Desemba

Mikumi. Naandika hapa kaunta, Mama Cleopa yuko ndani anaongea na simu.

Nilipomwamkia kaniangalia juu mpaka chini. "Wewe ndiye wa mahari?" Nikaitikia kwa kichwa. Kanipa manila na maka peni. Tangazo lake limefifia, anataka niliandike upya, chini niweke Kiingereza. Likitoka vizuri naanza leo leo. Aliliandika kwa mkono wake mwaka aliofungua, na analipenda. Kasema niliandike kama lilivyo, nisimharibie.

TUNAOMBA LADHI. MAJI YA MOTO NI ASUBUHI TU.

Ladhi!

Nikisahihisha — mimi, wa jana, nimsahihishe yeye? Nikiacha, kila mgeni atajua huo mwandiko ni wangu. Kiingereza nimemaliza zamani. Juu nimeandika TUNAOMBA, basi.

Simu kakata. Ndala zinakuja.

"Anitha, umekwama wapi? Si Kiswahili tu hicho?"