Mkwe Wangu Amesema Ufunguo Ni Woga

Mpendwa mshauri, shikamoo kama umenizidi umri, na kama nimekuzidi mimi basi marahaba naitanguliza kabisa, maana nina haraka ya msaada wako, Ijumaa inakaribia na sina mwingine wa kumwambia haya.

Mimi ni mtu mzima, mjane, kazi yangu ni kufua na kupiga pasi nguo za watu, na wateja wananiita Mama Pasi. Naishi na mwanangu wa pekee, dereva wa lori, pamoja na mkewe anayeuza kwenye duka la dawa. Mwaka huu mkwe wangu alisema anataka masomo ya jioni amalizie sekondari aliyoikatiza, akaniambia, "Mama, twende wote, kwani na wewe si uliishia njiani?" nikacheka mpaka pasi ikaunguza kola ya mtu, lakini kesho yake nikajikuta nimekaa kwenye dawati la watoto wa shule ya msingi, magoti yamenifika kidevuni, yeye kaniwekea nafasi pembeni yake, na tangu siku hiyo, mshauri, nisikufiche, sijawahi kufurahi hivi tangu niolewe.

Somo tunalolipenda ni fasihi. Mwalimu wetu ni kijana mwembamba tuliyempa jina la Mwalimu Ushahidi, kwa sababu huwezi kusema lolote juu ya mhusika asikuulize, "Ushahidi uko wapi?" Ukisema fulani ni mkorofi, lazima uonyeshe alisema nini, alitenda nini, na wenzake wanamsemaje. Sasa ugonjwa huo tumeuleta nyumbani. Nikimwambia mkwe wangu ni mvivu, ananijibu, "Ushahidi, mama?" nami namwonyesha sufuria la jana, naye anasema sufuria moja halitoshi kumjenga mhusika, basi tunacheka mpaka mwanangu anatuuliza tumekula nini. Juzi alitukuta jikoni tunamsema mwanamke mmoja kwa hasira, akatugombeza tuache kuteta majirani, tukamwambia huyo ni wa kwenye kitabu, akatikisa kichwa akaenda kuoga.

Sasa shida yenyewe. Tunasoma tamthilia ya bikizee mmoja, mjane kama mimi, anayeishi na mwanawe na mkwewe, na ufunguo wa ghala la chakula anauvaa shingoni. Kila siku mkwe anapiga magoti kuomba unga, anapimiwa kidogo, na bikizee mwenyewe mezani anasema hana njaa, mpaka wageni wanafika siku hayupo, mkwe anavunja mlango wa ghala, ndani anakuta gunia moja tu limekaribia kwisha. Kumbe bikizee alikuwa hafichi chakula, alikuwa anaficha kwamba hakuna. Siku tuliyofika hapo nililia darasani nikasingizia vumbi la chaki.

Basi mwalimu akauliza, ufunguo ule ni ishara ya nini? Seremala anayekaa nyuma akasema mamlaka, muuguzi mmoja akasema uchoyo, ndipo mkwe wangu akasimama akasema, "Ni woga, mwalimu. Yule mama anaona akishautoa ule ufunguo, hatakuwa na kazi tena katika nyumba ile." Darasa likapiga makofi, akaongeza kwamba hata yeye angekuwa mahali pake angeogopa vilevile, akakaa, akanipa kichongeo maana penseli yangu ilikuwa imevunjika kwa jinsi nilivyoibana. Kwa sababu, mshauri, ufunguo wa kabati letu la jikoni, lenye sukari na mchele na sabuni na sahani za wageni, umo shingoni mwangu kwenye uzi mweusi tangu mume wangu alipofariki, na hata sasa ninapokuandikia unagonga meza. Nilitamani dawati linimeze.

Tangu hapo sina raha. Je, alimsema bikizee au alinisema mimi mbele za watu? Wakati wa kurudi alinishika mkono kuvuka barabara kama siku zote, nami nikawa nautazama ule mkono kwa wasiwasi. Dada yangu ananiambia mkwe ni mkwe tu, "leo ameanza na ufunguo, kesho atataka chumba chako." Na juu ya hayo, Ijumaa kuna mdahalo wa kufunga muhula, ndugu wamealikwa, mwanangu atakuwepo, na mwalimu amenipanga mimi nimtetee bikizee na mkwe wangu amshtaki. Nikimtetea kwa nguvu zangu zote, watu watasema najitetea mwenyewe, na nikilegeza makusudi nishindwe, nitakuwa nimemsaliti mwanamke ambaye hana mwingine wa kumsemea. Nimefikiria kujifanya mgonjwa, nimefikiria kumtupia huo ufunguo nimwambie haya, chukua, kaa na nyumba yako, na nimefikiria kuacha masomo nirudi kwenye pasi zangu, lakini nikilifikiria hilo machozi yananitoka, maana sitaki kuacha na sitaki kumpoteza huyu binti. Nifanye nini?

Ni mimi, Mama Pasi

MSHAURI ANAJIBU

Shikamoo, Mama Pasi. Umenizidi, kwa hiyo marahaba yako ni halali, na sasa vumilia nikugombeze.

Barua yako nimeisoma nikicheka, kisha nikairudia na kalamu mkononi, kama anavyotaka mwalimu wenu. Unamtuhumu mkwe wako kwamba alikuaibisha. Haya mama, ushahidi uko wapi? Nani alikutoa kwenye pasi akakupeleka shule? Nani alikuwekea nafasi? Nani alikupa kichongeo, na nani anakushika mkono barabarani? Alisema nini, alitenda nini, yote umeyaandika wewe mwenyewe, na yote yanamtetea yeye. Upande wa mashtaka una shahidi mmoja tu, dada yako, na dada yako hajafungua hata ukurasa wa kwanza wa hiyo tamthilia. Mpende, mkaribishe chai, lakini uchambuzi usimwachie.

Halafu kuna sentensi uliyoipita mbio. Umeandika kwamba binti alisema hata yeye angeogopa, kisha ukakimbilia habari za penseli. Rudi hapo usome polepole. Mtu anayekutukana hajiweki mahali pako. Je, alikuwa anakufikiria wewe? Sitakudanganya, mimi naona ndiyo. Huo uzi mweusi anauona kila siku, angekosaje kukufikiria? Lakini seremala aliuona ufunguo uleule akasema mamlaka, muuguzi akasema uchoyo, na katika darasa zima ni yeye aliyesimama kumwonea bikizee huruma. Huyo ndiye unayetaka kumkimbia? Ama kweli shukrani ya punda ni mateke.

Na woga unao, mama, tusidanganyane. Mume ameondoka, mtoto yuko njiani na lori lake, mkwe ana kazi yake, nawe ukaona kinachokushikilia katika nyumba hiyo ni kabati la sukari. Pole sana, nakuelewa kwa moyo wote. Lakini binti alipokuambia "twende wote", alikuwa anaomba sukari?

Sasa sikiliza. Kuumwa hutaumwa, na habari ya kuacha shule nisiisikie tena. Ufunguo usimtupie, kwa sababu kitu cha kutupiwa, hata kiwe dhahabu, ni tusi. Katika tamthilia ufunguo ni mmoja kwa sababu mtunzi alitaka uwe mmoja. Funguo zingekuwa mbili, mlango usingevunjwa, nanyi msingekuwa na cha kulilia darasani. Wewe hujatungwa na mtu. Kesho asubuhi kabla hujawasha pasi, nenda kwa fundi wa funguo akuchongee wa pili. Wa kwanza ubaki shingoni mwako, mmeshazoeana. Wa pili utie uzi, umpe mkwe wako kabla ya Ijumaa, maana ukimpa baada ya mdahalo utaonekana umeshindwa. Usitoe hotuba. Mwambie tu, "Shika huu, sukari ikikaribia kuisha tuambizane." Akilia, lia naye, na safari hii usisingizie chaki.

Kisha Ijumaa vaa nguo uliyoipiga pasi kuliko za wateja wote, usimame umtetee bikizee mpaka madirisha yatetemeke. Muulize huyo muuguzi, mchoyo gani anayejinyima yeye mwenyewe na kusema hana njaa? Wakinong'ona kwamba unajitetea, waache wanong'one. Anayemtetea vizuri mtu mwenye woga ni yule anayeujua woga wenyewe, na wewe unaujua. Mwanao akiuliza mnagombania nini, mwambieni akanunue kitabu.

Na mkwe wako atakaposimama kumshtaki bikizee, mtazame kwanza shingoni. Nadhani utauona uzi. Ukishauona, tabasamu, halafu mshinde.