Bahari ya Mama Naserian

Jumatatu, 10 Februari

Picha za paspoti asubuhi yote. Kidevu juu, macho wazi, mwingine aingie. Mgongo unauma.

Mchana akaingia Mama Naserian kutoka Mashuuru. Takwenya, iko, tukasalimiana kwa Kimaasai. Huyu mama nampiga picha na watoto wake kila mwaka tangu nifungue studio hapa Noonkopir, kila mara mbele ya pazia langu la bahari. Maji ya buluu, minazi, mlima nyuma. Leo alikataa kiti. Alisema binti yake Naserian amepata kazi ya jikoni kwenye meli kubwa, anaondoka mwezi ujao. Msichana amesomea upishi Mombasa, na amemwambia mama yake kwamba bahari haikai hivyo. Huko hajaona mlima umetoka kwa maji.

"Miaka yote niliangalia hiyo kitu nikajua nimeona bahari," akaniambia. "Sasa mtoto anaenda kuishi huko, na mimi sijui ni wapi."

Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

Nikamwambia amlete Naserian kabla hajasafiri, atakuta bahari ya kweli. Mdomo wangu huu.

Jumanne, 11 Februari

Sikulala vizuri. Hilo pazia nililinunua Nairobi likiwa limekunjwa, hata sikuuliza ni bahari ya wapi. Aibu.

Mume wangu, Baba Mwende, amecheka mpaka chai ikamwagika. Eti mimi, mtu wa Kitui, wa kukimbizana na mitungi ya maji, anaenda kupiga bahari picha. Nimemwambia acheke vizuri, maana nikiwa huko atajifulia.

Picha ya mtandao sichukui. Nataka kumwangalia huyo mama usoni na kumwambia nilisimama hapo.

Shida ni moja. Pazia ni refu kuliko mtu. Picha ikivutwa hivyo, kosa dogo linakuwa kubwa kama ng'ombe. Lazima iwe kali, mchanga uonekane punje kwa punje.

Jumamosi, 15 Februari

Nimeenda kwa bwawa la ng'ombe karibu na Isinya kujaribu. Upepo mbaya. Stendi ya kamera inatetemeka, na miguu yake inazama kwa matope. Picha zote zimepata ukungu. Nikafunga mfuko wa mawe chini ya stendi, nikaweka visahani vya chai chini ya miguu yake mitatu. Ikatulia. Nikaacha pia kubonyeza kwa kidole, nikatumia saa ya kamera, ijipige yenyewe. Ng'ombe walinishangaa, na mchungaji wao pia.

Nyumbani nikavuta picha kwa kompyuta. Majani ya ukingoni yanahesabika. Nimefurahi peke yangu jikoni.

Jumapili, 16 Februari

Baada ya kanisa nilifungua studio nikakaa tu. Nikamwambia binti yetu Mwende asimame mbele ya pazia la zamani. Nikaona kitu ambacho sijawahi kuona miaka yote. Dirisha langu liko kushoto, kwa hivyo mtu anapata mwanga wa kushoto. Jua la ile bahari liko kulia. Ndiyo maana watu hutoka kama wamekatwa na makasi wakabandikwa! Nilikuwa nasingizia ukuta.

Bahari yangu lazima iwe na jua la kushoto. Hapo sibadilishi.

Alhamisi, 20 Februari

Nilifika jana usiku kwa binamu yangu, kusini ya Mombasa. Alfajiri nilikuwa ufuoni na visahani vyangu.

Nimeharibu. Jua lilitoka kwa maji, moja kwa moja usoni mwangu, na mimi nikalielekea kama mtu anayesalimia mgeni. Ni zuri, sikatai. Nililia kidogo. Lakini kwa picha, mbingu ni nyeupe tupu na mchanga ni mweusi. Nikarudi saa sita, mwanga umelala bapa, hakuna kivuli hata kimoja. Mchanga unaonekana kama unga.

Dirisha nililijua tangu nyumbani, halafu nikalisahau. Nimejikasirikia.

Ijumaa, 21 Februari

Leo nilijua pa kusimama. Usielekee maji. Fuata ufuo, uso kusini, maji yawe kushoto. Jua la asubuhi linatoka huko huko kwa maji, linapita juu ya mchanga kutoka upande wa dirisha langu. Rahisi hivyo.

Mawingu. Asubuhi nzima. Jua lilichungulia mara moja tu, nikapiga haraka, na nilipovuta nikakuta picha imefifia. Chumvi kwa lenzi. Upepo unaileta, huioni, inajipaka tu. Binamu anasema nitosheke, picha ni picha. Nimeendelea kufuta lenzi. Tiketi ya kurudi ni kesho mchana.

Jumamosi, 22 Februari

Giza bado, nimesimama. Mawe kwa mfuko, visahani chini. Nikafuta lenzi, nikafunika na kitambaa, nikafunua tu wakati wa kupiga. Fokasi sikuiweka kule mbali kama juzi. Niliiweka karibu, kwa shimo dogo la kaa mchangani.

Jua likapanda kidogo. Kila punje ikapata kivuli chake. Piga, futa, funika. Tena. Tena. Halafu mwanga ukawa mweupe, basi.

Nimevuta hadi mwisho. Ukingo wa shimo unaonekana, na vijitundu vya miguu ya kaa. Nimepata.

Jumatano, 26 Februari

Mchapishaji wa pazia jipya alitaka kuongeza rangi ya buluu, eti wateja wanapenda. Nikasimama nyuma ya kiti chake mpaka akaacha.

Ijumaa, 7 Machi

Wamekuja. Mama Naserian alisimama mlangoni kwanza. Kisha akakaribia, akainama, pua karibu na pazia jipya. Akaweka kidole kwa lile shimo, akauliza ni la nini. Naserian akamwambia ni nyumba ya kaa, wako wengi huko, wanakimbia kando kando.

Mama akafuata ukingo wa shimo kwa kidole. Halafu akasema, "Sasa najua mahali utakuwa."

Akavua viatu. Akaviweka mbali, upande ambao maji hayafiki. Naserian akamwangalia, akavua vyake pia. Mwanga wa dirisha uliwaingia kutoka kushoto, sawasawa na mchanga. Nikapiga moja tu. Ilitosha.

Wameenda. Pazia la zamani liko chini ya meza. Hili jipya sijalishusha. Sakafuni mbele yake kuna nyayo mbili mbili za vumbi la Mashuuru. Leo sipigi deki.