Nilimwambia Karani Kwamba Hujambo

Mama Salma,

Kesho asubuhi wananipasua tezi dume hapa Nachingwea. Daktari hakunificha: kwa umri huu na moyo huu, naweza nisiamke. Kwa hiyo nataka jambo hili ulisikie kwangu, mkono ukiwa bado unashika kalamu.

Upasuaji ulikuwa ufanyike zamani. Ulichelewa kwa sababu ya uongo wangu.

Watu wa bima walitaka kuhakiki taarifa za wastaafu kabla ya kutoa kibali. Nilikwenda na mpira wa mkojo, mfuko wake nimeuficha ndani ya kanzu. Karani, binti mchangamfu, akasoma kwenye kompyuta yake: "Mwalimu, naona una mwenza. Mama hajambo?"

Cheti chako cha kifo kilikuwa mfukoni. Nikasema, "Hajambo."

Sijui nikueleze vipi. Tangu arobaini yako ipite, hakuna aliyeniuliza habari zako. Watu hunipa pole, kisha wanahamia kwenye korosho. Huyu binti aliuliza kana kwamba nimekuacha uani unapepeta ufuta. Nilitoka pale mgongo umeninyooka.

Akataka uende ukapigwe picha na kuchukuliwa alama za vidole. Mara ya pili nikasema miguu inakusumbua. Mara ya tatu, kwamba umekwenda kwenu Matambarale. Akanitania: "Mwalimu, mbona mama unamficha, unadhani tutamwiba?" Nikacheka, mke wangu. Nikacheka, na kaburi lako halijaona hata masika mawili.

Kibali kikakwama. Maumivu yakazidi, ikawa kukaa siwezi, kulala siwezi. Salma alikuja kutoka Ruangwa kila Jumamosi kunifulia mashuka, akiwalaani watu wa bima kwa kumtesa baba yake. Nilimwacha awalaani. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Wiki mbili zilizopita alinisindikiza hadi dirishani. Karani akamwamkia, akauliza, "Leo mama mmemleta?"

Salma alinitazama. Nilidhani atanifokea mbele ya watu. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa kanzu yangu, akakipata cheti nilichokuwa natembea nacho, akanishikisha. "Baba, mpe mwenyewe."

Nikampa. Karani alisoma, uso ukambadilika. "Pole, Mwalimu wangu. Kumbe siku zote ulikuwa unakuja na msiba." Akabonyeza, na mstari wenye jina lako ukaondoka. Kibali kilitoka siku ya tatu.

Nimemwomba Salma radhi. Akasema, "Hata mimi namba ya mama sijaifuta kwenye simu." Tukalia wote wawili, hatukuona haya.

Kwaheri, mke wangu. Kesho wakiniuliza aitwe nani nikizidiwa, nitamtaja Salma. Nakuahidi, kwa akili zangu timamu sitamdanganya tena mtu yeyote kwamba upo. Ila dawa ya usingizi ikishanishika, ahadi yangu inaishia hapo. Nitakayemwita huko ni wewe.

Mumeo