Mtahiniwa Mmoja wa Kurusha Nzi wa Manyoya: Kumbukumbu za Kikao cha Dharura, Katangi

CHAMA CHA WAVUVI WA NZI WA MANYOYA, BWAWA LA KWA NZEMBI

Kikao kilifanyika Jumamosi tarehe 13 Septemba 2025, katika ukumbi wa kanisa, Katangi, na baadaye katika uwanja wa mpira ulio nyuma ya ukumbi huo. Kiliitishwa saa nane kamili. Kilianza saa nane na dakika thelathini na tano, Mwenyekiti alipofika.

WALIOHUDHURIA
Bw. Mutuku Wathome – Mwenyekiti
Bw. Mumo Wathome – Makamu Mwenyekiti (mdogo wake Mwenyekiti)
Bw. Ayub Faki – Mjumbe, mwenye mashua ya kupeleka wageni bwawani
Bi. Swabra Nurudin – Katibu
Bi. Nzilani – Mwanachama, bila kura
Mama Kavindu – Si mwanachama. Alikuja kupika chai.

WALIOTOA UDHURU
Bi. Kalunde – yuko Ndithini akitayarisha shamba kabla ya mvua.

WASIOTOA UDHURU
Bw. Musembi – alipita nje ya ukumbi mara mbili kwa pikipiki, na mara ya pili alipunga mkono.

KUMB. NA. 1/9/2025: KUFUNGUA KIKAO
Bw. Mumo aliombwa aongoze sala fupi. Sala ilichukua dakika kumi na moja na ilimtaja Mwenyekiti mara tatu, pamoja na mkono wake wa kulia. Bw. Ayub na Katibu, ambao ni Waislamu, walisubiri kwa adabu. Mama Kavindu alitoka kuangalia moto, akarudi, akakuta bado.

KUMB. NA. 2/9/2025: KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA
Mwenyekiti alitaka maneno "kuvua nyasi" yafutwe katika kumbukumbu za Juni. Katibu alimkumbusha kwamba maneno hayo aliyasema yeye mwenyewe, tena akiwa amesimama.

Kwa faida ya atakayesoma karatasi hii bila kuujua uvuvi wetu: sisi hatutumii nyungunyungu. Tunarusha uzi mzito ambao mwisho wake umefungwa nzi wa manyoya, yaani ndoano iliyovikwa manyoya ili samaki aidhanie mdudu, na kwa kuwa nzi huyo hana uzito wowote, kinachorushwa hasa ni uzi. Kazi hiyo hufunzwa nchi kavu, kwenye nyasi, ndoano ikiwa imetolewa na mahali pake pamefungwa kipande cha uzi wa sweta ili kionekane. Kijitabu cha mtihani wa ukufunzi kinasema hivyo katika ukurasa wa kwanza kabisa. Uzi wa sweta ulitoka katika duka la Katibu.

Mwenyekiti alisema mwezi Juni, na akarudia leo, kwamba mtu aliyekuwa naibu wa chifu kwa miaka kumi na tisa hawezi kuonekana akivua mahali hakuna maji. "Watu watasema jua imenipiga kichwa," alisema. Alipoulizwa anafanyia wapi mazoezi, alijibu kwamba anafanyia mahali pa faragha. Bw. Mumo aliunga mkono, ingawa hapakuwa na hoja ya kuungwa mkono.

Maneno hayakufutwa.

KUMB. NA. 3/9/2025: NAFASI YA MTIHANI
Katibu alieleza kwamba wageni wanaokuja bwawani siku hizi wanauliza kama kuna mkufunzi mwenye cheti, na wakiambiwa hakuna wanapiga picha machweo na kurudi Nairobi. Mtahini atafika nchini mwezi Novemba. Chama kimepewa nafasi moja tu. Fomu yenye jina la mtahiniwa ilitakiwa itumwe kwa barua pepe leo kabla ya saa kumi na moja jioni, na baada ya hapo nafasi inakwenda kwa watu wengine.

Mwenyekiti aliwasilisha sababu zake za kutaka nafasi hiyo. Ya kwanza ilikuwa fimbo yake ya kuvulia, iliyoagizwa kutoka nje. Ya pili ilikuwa koti lake la uvuvi lisilo na mikono, ambalo lina mifuko kumi na saba. Aliwaonyesha wajumbe kila mfuko na matumizi yake. Mifuko kumi na minne haina kitu. Ya tatu ni kwamba yeye ndiye mwenyekiti.

Bi. Nzilani alipewa dakika tatu akatumia moja. Alisema amefunga nzi wa manyoya miaka kumi na minne katika karakana moja huko Athi River, nzi wanaopelekwa ng'ambo, na kwamba hadi mwaka jana hakuwahi kumwona hata mmoja akirushwa. Macho yake ya karibu yamechoka. Mwezi Machi mwaka jana alishindwa kupitisha uzi kwenye ndoano ndogo, akahamishwa kupakia maboksi, na Juni akaja nyumbani. "Mbali naona kabisa. Hapa karibu ndio hakuna kitu. Hii kazi ya kufundisha inataka macho ya mbali. Nikikosa hii sijui ingine, kusema ukweli," alisema, kisha akaketi.

Mwenyekiti alimshukuru na kusema chama si mahali pa kuleta shida za nyumbani. Katibu aliomba ieleweke kwamba anaandika neno kwa neno.

Bw. Ayub alipendekeza wote wawili wajaribiwe kwa kufuata kijitabu. Mwenyekiti alikubali haraka, akisema hivyo ndivyo haki inavyoonekana. Baadaye alisema hakukubali. Alikubali saa tisa na dakika tano.

KUMB. NA. 4/9/2025: JARIBIO LA UWANJANI
Kikao kilihamia uwanjani. Bw. Ayub aliweka ringi tatu za watoto za kuchezea kama shabaha, ya mbali ikiwa hatua ishirini. Kijitabu kina sehemu tatu: kurusha, kuonyesha makosa, na kumfundisha mtu ambaye hajawahi kushika fimbo.

(a) Kurusha. Mwenyekiti alianza. Kabla ya kurusha alikunja magoti, akainamisha kichwa na kulaza fimbo ubavuni, kama mtu anayepita chini ya kamba ya kuanikia nguo. Uzi ulikwenda kushoto. Wajumbe walidhani ameangusha kitu. Alipoinama vivyo hivyo mara ya pili, Bw. Ayub alimuuliza kama ana maumivu ya mgongo. Hapo Bw. Mumo, akitaka kumtetea kaka yake, alisema: "Si mgongo. Ni paa. Kule kwa nyumba ya kuku mabati iko chini, lazima ukwepe."

Ndivyo kikao kilivyopata kujua mahali pa faragha. Ilibainika kwamba Mwenyekiti amefanya mazoezi miezi minane ndani ya nyumba ya kuku, mlango ukiwa umefungwa, ili watu wa Katangi wasimwone akivua nyasi. Paa hilo sasa amelibeba mwilini na anatembea nalo. Leo juu yake palikuwa na anga tupu, na bado alilikwepa mara sita.

Katika urushaji wake hakusubiri uzi ujinyooshe nyuma, kwa hiyo ulilia kama mjeledi. Kisha alitupa mkono mzima mbele na uzi ukaanguka rundo. Mara ya mwisho alitia nguvu ghafla, uzi ukajifunga fundo hewani, na uzi wa sweta ukanasa kwenye mfuko wa tisa. Bw. Ayub, akiwa na kijitabu mkononi, alimwambia kwa heshima: "Mwenyekiti, sehemu ya makosa bado hatujafika."

Katibu alicheka. Hakuwa na sababu ya kutocheka.

Bi. Nzilani alirusha akitumia fimbo ya kuazima ya Bw. Ayub, iliyofungwa utepe mahali ilipovunjika. Ringi ya kwanza aliipata, ya pili pia, na ya tatu aliipata mara nne kati ya tano. Huyu alijifunzia kando ya barabara ya soko, mchana kweupe, kila siku ya soko tangu Januari. Watu walimwita Mama Nyasi. Walimuuliza nyasi za leo ni za kukaanga au za kuchemsha. Katibu, ambaye duka lake linatazama barabara hiyo, alikuwa miongoni mwa waliocheka wiki za mwanzo, na anaona aibu kuliandika, lakini ni kweli.

(b) Makosa. Kijitabu kinataka mtahiniwa afanye makosa matatu kwa kukusudia, moja moja, kisha aeleze chanzo na kusahihisha. Mkufunzi asiyejua kosa linavyotengenezwa hawezi kumtoa mwanafunzi ndani yake. Mwenyekiti alikataa. Alisema: "Mimi siwezi kukosea mbele ya watu." Kauli hiyo imeandikwa kama ilivyotoka.

Bi. Nzilani aliliza uzi kama mjeledi, akasema, "Hapa sikungoja nyuma," akarudia akingoja, na uzi ukanyamaza. Aliuangusha rundo na kuunyoosha. Alitengeneza fundo hewani kwa makusudi, akalionyesha, akarusha tena likawa halipo. Bw. Ayub alimuuliza alijifunza wapi makosa hayo vizuri hivyo. Alijibu kwamba yote alikuwa nayo mwenyewe hapo mwanzo.

(c) Kufundisha. Kwa kuwa hapakuwa na mwingine asiyewahi kushika fimbo, Mama Kavindu aliitwa kutoka jikoni na kila mtahiniwa akapewa dakika kumi naye. Mwenyekiti alimkabidhi fimbo, akamwonya asiikwaruze, akaichukua ili amwonyeshe, na hakuirudisha tena. Muda ulipokwisha Mama Kavindu alikuwa amesimama na mikono kiunoni.

Bi. Nzilani alimpa fimbo na yeye mwenyewe akarudi nyuma hatua tatu. Alimuuliza: "Ukikung'uta mwiko ugali itoke, mkono unafanya aje?" Mama Kavindu alisema mkono unasimama ghafla. "Basi simamisha hivyo. Alafu geuka uangalie uzi nyuma. Usikimbie." Jaribio la saba, uzi ulinyooka mbele na kutua taratibu. Mama Kavindu alisema, "Asi! Ni mimi?" Kisha alikataa kuirudisha fimbo, na chai ikaungua.

KUMB. NA. 5/9/2025: KURA
Kikao kilirudi ukumbini saa kumi na dakika kumi. Mwenyekiti alieleza kwamba uwanja ulikuwa na upepo. Alieleza pia kwamba cheti kinataka mtu mwenye sura ya uongozi, na kwamba mama aliyezoea kukaa mezani na manyoya abaki kwa manyoya. Bi. Nzilani alikuwa akiviringisha uzi wa Bw. Ayub polepole, akiutazama kwa mbali, mikono yote miwili imenyooshwa.

Kura zilipigwa kwa kunyoosha mkono. Mwenyekiti alipata mbili: yake na ya Bw. Mumo. Bi. Nzilani alipata mbili: ya Bw. Ayub na ya Katibu. Mwenyekiti alisema kwa kuwa kura zimelingana atapiga kura ya mwenyekiti, akajipigia. Katibu alilalamika kwamba mtu mmoja amejipigia kura mara mbili katika kikao chenye wapiga kura wanne. Mwenyekiti alisema katiba ya chama inaruhusu. Katibu aliisoma katiba. Inaruhusu. Aliyeiandika ni Mwenyekiti.

Katibu alikasirika sana wakati huo.

Ilikuwa saa kumi na dakika ishirini na nane. Katibu aliamriwa ajaze fomu.

KUMB. NA. 6/9/2025: KUJAZA FOMU
Katibu alijaza ukurasa wa kwanza kwa jina la Bw. Mutuku Wathome kama alivyoamriwa. Alipogeuza ukurasa wa pili, ambao hakuna mjumbe aliyekuwa ameusoma, yeye mwenyewe akiwemo, alikuta sharti moja. Fomu lazima isainiwe na mtu mmoja asiye mwanachama, aliyefundishwa kurusha na mtahiniwa. Bila saini hiyo haipokelewi.

Mwenyekiti aliulizwa kama amewahi kumfundisha mtu yeyote. Ndani ya nyumba ya kuku hamkuwa na mtu. Bw. Mumo alisema anaweza kumtafuta mtu, lakini hakusema wapi, na dakika zilikuwa zikienda.

Mama Kavindu aliitwa kutoka jikoni mara ya pili. Mwenyekiti alimsukumia fomu na kalamu na kumwambia aweke saini pale chini, ni kitu kidogo tu. Mama Kavindu alijifuta mikono, akauliza hapo pameandikwa nini. Katibu alimsomea: kwamba mtu huyu alinifundisha kurusha.

Mama Kavindu alimgeukia Mwenyekiti. Mumewe aliwahi kusimamishwa ofisini kwa mtu huyu siku nzima akitafuta barua, hilo linajulikana Katangi yote. Alisema: "Wewe hukunifundisha, mzee. Wewe ulinionyesha fimbo yako."

Mwenyekiti alimwambia asisahau anapika chai ya nani. Mama Kavindu alijibu kwamba chai ni ya kanisa. Kisha alisema: "Leteni ile ya huyu mama. Hiyo naweka saini hata mbili."

Bw. Ayub alichukua fomu ya pili, kwa kuwa Katibu alikuwa amechapisha mbili kwa bahati, au si kwa bahati. Jina la Bi. Nzilani liliandikwa saa kumi na dakika thelathini na nne. Mwenyekiti alipinga, akisema kura imeshapigwa. Katibu alimjibu kwamba kura ipo, imeandikwa, ina nguvu zake zote, na kwamba fomu yake iko mezani ikisubiri mwanafunzi. Alipewa nafasi ya kumtaja mmoja, hadi saa kumi na dakika arobaini na tano. Hakumtaja mtu.

Mama Kavindu alisaini. Bi. Nzilani alipopewa kalamu aliishika fomu mbali, mkono ukiwa umenyooka, akatafuta mstari na hakuuona. Aliandika jina lake juu ya mstari, likapanda kuelekea kona ya karatasi. Aliuliza kama limekaa vizuri. Katibu alimwambia limekaa vizuri.

Fomu ilipigwa picha na kutumwa saa kumi na dakika hamsini na moja. Jibu la kupokelewa lilifika saa kumi na dakika hamsini na nne. Katibu alifurahi, na anaomba furaha hiyo ihesabiwe kuwa sehemu ya kumbukumbu hizi.

KUMB. NA. 7/9/2025: MENGINEYO
Mwenyekiti alitaka habari yote ya nyumba ya kuku iondolewe. Bw. Mumo aliunga mkono, akiongeza kwamba yeye ndiye aliyeisema na anajuta. Ombi limeandikwa hapa, chini ya habari yenyewe.

Bi. Nzilani aliomba neno moja. Alimwambia Mwenyekiti kwamba yuko kando ya barabara kila siku ya soko, asubuhi, na kwamba kuondoa ile tabia ya kuinama si kazi ngumu, ni wiki tatu hivi. "Lakini ni hapo nje. Watu watacheka kidogo," alisema.

Mlango wa ukumbi ni mrefu kuliko Mwenyekiti kwa mkono mzima. Alipokuwa akitoka, aliinamisha kichwa.

Hapakuwa na jingine. Watu walitawanyika saa kumi na moja na dakika tano, bila chai.

Mwenyekiti: M. Wathome (amesaini, baada ya kuletewa karatasi nyumbani)

Katibu: S. Nurudin