Nimesomea Michezo ya Simu

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na wajukuu wanakuacha upumzike. Huku tu wazima, na wifi yako anakusalimu sana.

Mwezi uliopita uliniuliza nashinda wapi mchana tangu nistaafu, nikakukwepa. Basi usicheke: nimemaliza kozi ya wiki kumi ya kutengeneza michezo ya simu. Mimi, mzee wa chaki! Darasa liko ghorofani juu ya fundi viatu, na harufu ya gundi yake inatupanda puani kutwa. Tulikuwa tisa: muuguzi, dereva wa lori, mafundi cherehani wawili, na waliobaki vijana wenye vidole vyepesi. Waliniita Babu Kitufe, maana kila kitufe nilikibonyeza mara mbili, nikihofia hakijasikia.

Mchezo wangu ni wa chura anayeruka madimbwi. Kwa wiki mbili aliruka vizuri, lakini akitua tu, anapitiliza chini na kupotea. Nilikokotoa upya mruko wote karatasini; hesabu ilikuwa sahihi, chura akazidi kuzama. Mwalimu wetu, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, akavuta kiti, akaniambia kompyuta haijui kwamba ardhi ni ardhi mpaka uiambie. Nikaiambia. Chura akatua, akasimama! Dada, nilipiga kelele hadi fundi viatu akapanda ngazi kuuliza kulikoni.

Sijaona mtu anayefundisha vile. Dereva aliuliza swali lilelile siku nne mfululizo, naye kila siku alimjibu kwa njia mpya, bila kushusha pumzi ya kuchoka. Mimi nilifundisha hesabu miaka thelathini na mmoja, na pumzi hiyo niliishusha kila siku.

Sasa nikwambie kilichonifanya niandike badala ya kupiga simu. Wiki ya tatu niliutambua mwandiko wa huyo mwalimu wetu ubaoni, ile "g" yenye mkia kama ndoano. Alikuwa mwanafunzi wangu. Akiwa na miaka kumi na miwili nilimchania daftari mbele ya wenzake, nikamwambia hesabu hazimtaki, akashike ufagio. Nilinyamaza wiki saba, nikiomba asinikumbuke. Siku ya mwisho, wenzangu walipokwisha kushuka, nikamweleza yote na kumwomba radhi.

"Nilikujua tangu nilipoisoma fomu yako, Mwalimu," akasema. "Niliiweka kando siku mbili, nikitaka kukukataa."

Nikamuuliza mbona hakunikataa. Akajibu kwamba alitaka nionje kukosea mbele ya mtu asiyenicheka.

Hakusema amenisamehe, nami sikumbana. Aliniambia tu kwamba kundi jipya linaanza Jumatatu, linahitaji mtu wa kulieleza pembe na kasi, na kwamba chumbani mle hakuna anayeitwa mjinga. Nimekubali, dada. Naogopa kuliko siku yangu ya kwanza kazini.

Wasalimie wote hapo nyumbani, mmoja mmoja, na uniweke kwenye dua zako.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba