Giaboksi Haikuwa na Kosa

Kigali, masika ya 1992

Baba yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mgongo umetulia na ulimi bado mkali, maana siku ukiacha kunigombeza ndipo nitakapoanza kuogopa. Mama je, macho yake? Dereva wa lori aliyeniletea barua yako kaniambia siku hizi anatunga uzi mwenyewe kwenye sindano. Nimefurahi mno. Mimi ni mzima, nakula, na viazi vya huku nimevizoea mpaka nikivikosa navitafuta.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unasema nirudi Nzega, kwanza kwa sababu ya vita, na pili kwa sababu haifai mtoto wa fundi gia kuzeekea ugenini akifunga taa na honi. La vita nimekusikia. Ni kweli kaskazini wanapigana, na vizuizi barabarani vimezidi. Karatasi zangu zinakaa mfuko wa shati, na jua likizama mimi niko ndani. Lakini la pili, Baba, uniwie radhi, nitakubishia. Nimelibeba moyoni tangu siku ile uliponiambia mbele ya wateja kwamba umeme si ufundi. Liliniuma na bado linaniuma. Basi kaa chini, chai iwe karibu, unisikilize.

Gereji yetu iko chini kidogo ya njia panda ya Sonatubes. Mwezi uliopita iliingia pikapu ya mradi wa kilimo wenye ofisi Kacyiru. Haina klachi hiyo. Gia zinabadilika zenyewe, na anayeziamuru ni kompyuta, kisanduku cha bati chenye ukubwa wa kitabu, kimefichwa chini ya zulia miguuni pa abiria. Dereva wake ni Mzee Kalisti, Mrundi wa Buyenzi kule Bujumbura, mtu anayevua viatu kabla ya kupanda gari lake. Gari lilikuwa limeng'ang'ania gia ya tatu. Wewe hujafika Kigali, Baba, huku hata kwenda kununua mkate ni kupanda mlima, na gari la gia ya tatu peke yake halifiki popote.

Fundi mkuu wetu, Shefu Bonifasi, hakuuliza kitu. "Bwate imekufa," alisema, ndivyo wanavyoita giaboksi hapa. "Tunashusha, tunafungua."

Nikasema tusifungue kwanza. Tujue kama anayetoa amri yuko hai, ndipo tumlaumu anayezipokea.

Akacheka. "Weye iko fundi ya taa, sha. Bwate iko ya miye. Unajua? Fanya! Ukikosa, unabeba koleo zako unarudi Tanzania."

Mafundi wote walisikia. Sikujali kicheko chao, ila neno "unarudi" lilinichoma. Nilikuona kabisa umesimama mlangoni kwako, mikono nyuma, ukisema, "Si nilikwambia?"

Nikalala chini ya gari. Nikachomoa ile kompyuta, nikavuta waya kutoka kwenye betri, nikagusisha vali za umeme za giaboksi moja baada ya nyingine. Ncha ya bisibisi niliiweka kwenye giaboksi na mpini wake sikioni. Bisibisi sikioni, Baba! Nani alinifundisha? Ya kwanza ikajibu, tak. Ya pili, tak. Kisha nikaliendesha hivyo hivyo bila kompyuta, nabadilisha mwenyewe kwa mkono wa gia. Nikiweka gia ndogo linapanda mlima, nikisogeza mkono linashika gia kubwa. Giaboksi ilikuwa nzima kabisa. Waliokuwa wanataka kuipasua walikuwa wanataka kumpasua mtu mwenye afya.

Kompyuta mpya ingeagizwa ng'ambo, na ng'ambo si leo wala kesho. Lakini Mzee Kalisti alikumbuka kuwa mradi una pikapu nyingine ya aina ile ile iliyopinduka, imebaki mifupa uani. Ofisi ikaruhusu. Nikatoa kisanduku chake, nikalinganisha namba, nikakifunga. Ilipanda kilima cha Kacyiru moja, mbili, tatu, bila kukohoa, na nilipiga honi njia nzima. Si mimi ndiye fundi wa honi?

Furaha ile ilidumu siku tisa. Jumatatu asubuhi Mzee Kalisti alirudi analitambaza gari, gia ya tatu tena.

Bonifasi hakupiga kelele hata kidogo. Alivuta jeki akasema, "Leo tunafungua. Na weye, koleo zako."

Nilikwenda nikasimama mbele ya jeki. Nikamwambia, "Shefu, utalifungua gari hili baada ya kuniondoa mimi hapa, na mimi leo siondoki. Nipe mpaka adhuhuri." Sikusogea. Akanitazama, akatema mate, akaenda kunywa chai.

Nikafunua zulia. Lilikuwa chepechepe. Miguu ya plagi ya kisanduku imeota ukungu wa kijani, kutu ya shaba, ukungu ule ule niliouona kwenye kile cha kwanza na nikaupuuza. Mvua haifiki pale, milango inafunga vizuri. Nikamgeukia dereva.

"Mzee wangu, gari unaliosha vipi?"

"Muzuri sana!" Akanyanyuka kwa fahari. "Kila Jumamosi. Namwaga ndoo mbili mu ndani, nafagia, maji inatokea mu mlango."

"Ndani? Juu ya zulia?"

"Sasa weye unataka nikae mu matope? Udongo ya huku iko nyekundu, inashika!"

"Maji hayo ndiyo yaliyoua kompyuta, mzee. Zote mbili."

"Maji inaua gari?" Akawageukia wenzangu wamshuhudie. "Gari inapita mu mvua kila siku, haife!"

Walicheka, na hata mimi nilicheka, lakini nilijiona mjinga. Nakuambia wewe peke yako: kosa lilikuwa langu. Nilibadilisha kilichokufa bila kuuliza kilichokiua. Ningekuwa hapo kwako ungenitwanga konzi, na ningestahili.

Nikakifungua kisanduku hicho cha pili, ambacho ukungu ulikuwa bado haujakila ndani, nikakisugua kwa spiriti na mswaki, nikakianika juu ya boneti. Nikamsihi mzee aache ndoo, afute kwa kitambaa. Akakataa katakata. Kwenye gari chafu haingii, afadhali aende kwa miguu. Basi sikugombana naye. Nikarefusha waya, nikakipandisha kisanduku juu kabisa nyuma ya dashibodi, mahali ambapo hata mafuriko yatakuta kimekaa tu.

Ilipofika adhuhuri Bonifasi akarudi. Nikamwambia Mzee Kalisti, mbele ya wote, "Sasa lioshe."

Baba, ungemwona! Ndoo ya kwanza, ndoo ya pili, anafagia huku anaimba, maji mekundu yanamwagika mlangoni mpaka kwenye viatu vya Shefu. Mzee akavua vyake, akapanda, akawasha. Gari likashika barabara ya juu. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Likapotea kwenye kona, na sisi tukabaki tunasikiliza.

Bonifasi hakuniomba radhi, na sikuwa namngoja. Kesho yake alikuja na gari la mtu mwingine, akasimama karibu yangu kama aliyepotea njia. "Mutanzania," akasema, "njo usikilize hii mbele ya kufungua."

Kwa hiyo, Baba, sirudi. Nitakuja Idi, Inshallah, nitakula cha Mama, nitaosha miguu yako, kisha nitaondoka. Si kwa kukudharau. Sikio ni lako, waya ni wangu, na vyote viwili vinanilisha.

Nisalimie Mama sana. Nisalimie dada Mwajuma na wanawe, na shangazi wa Tabora akipita hapo. Kaka Hamisi, anayekusaidia kushusha magiaboksi, mwambie aulize kwanza kabla ya kushusha.

Dereva wa lori atakukabidhi na kifurushi. Ni kile kisanduku cha kwanza kilichokufa, ofisi yao ilikitupa nikakiomba. Kina skrubu nne, fungua uone ukungu. Usihangaike, hakitengenezeki. Kiweke tu juu ya meza yako ya kazi, kikusikie siku utakapowaambia wateja tena kwamba umeme si ufundi.

Ile bisibisi uliyonipa siku naondoka bado ninayo. Mpini ulipasuka. Nimeufunga kwa tepu ya umeme, na unashika vizuri.

Ni mimi mwanao,
Shabani, fundi wa taa