Mama na Mkwewe Kilimani

Bagamoyo, Jumapili, 1971

Leo nimechoka kuwa mkalimani. Tangu Dar, Mama kakaa kiti cha nyuma, mume wangu Saidi kashika usukani, na kila neno lazima lipitie kwangu.

"Mwambie mwenzio asimame, nishuke nipate upepo."

Saidi kasikia vizuri, lakini anangoja nimwambie mimi! Hata kioo cha ndani kakigeuza, asije akamwona mkwewe usoni. Miaka tisa ya ndoa, adabu ile ile.

Karibu na Zinga tukapanda kilima kutazama bahari. Mama nilimshika mkono. Macho yake yanazidi kufifia, na kusema kweli naogopa. Tulipofika juu akauliza, "Maji yamejaa au yamekupwa?"

Kumbe haoni. Bahari yote ile, mbele yake.

Saidi akatugeuzia mgongo, akaanza kunieleza mimi, mwenye macho yangu mazima: maji yamekupwa, wanawake wanachokoa pweza mwambani, mmoja kajifunga kanga nyekundu, mwenzake kateleza, wanacheka. Alisema taratibu, kwa sauti.

Mama akatabasamu. "Mwambie aendelee."

Sikumwambia. Alikuwa ameshaendelea.